Kabla ya Zheng He kulikuwa na Quanzhou

Kila uhusiano wa China na pwani yetu unapozungumzwa mbele ya wageni rasmi, hadithi huanzia mahali pamoja: jemadari Zheng He, msafara wake wa merikebu kubwa, na twiga wa Malindi aliyefikishwa mbele ya mfalme wa Ming mwaka 1415. Mambo hayo yalitokea, na hakuna sababu ya kuyakana. Ila hadithi ikianzia hapo, sehemu yake kubwa inakuwa imerukwa. Vigae vya vyombo vya China vimefukuliwa Manda na Unguja Ukuu katika matabaka ya karne ya 9, karne nyingi kabla Zheng He hajazaliwa, na havikuletwa na mjumbe wa mfalme yeyote. Asili yake inatafutwa kwenye miji ya pwani ya kusini mashariki mwa China, hasa ile ya jimbo la Fujian iliyokuja kuwa kitovu cha safari za biashara. Ninashikilia kwamba anayeipitia miji hiyo mmoja baada ya mwingine, kwa barabara, atakuta ushahidi wa kutosha wa kuisimulia historia hii upya. Mahusiano haya yalijengwa na wafanyabiashara, mabaharia, wafinyanzi na wahamiaji. Yalistawi pale serikali zilipowaachia njia, yakanyauka zilipowafungia. Zheng He anastahili nafasi yake humo, lakini ni nafasi ya mtu aliyefika njia ikiwa imekwisha kukanyagwa.

Nasema kwa barabara, na kwa makusudi. Tangu Septemba 2023 treni ya mwendo kasi hukimbia kilomita 277 kati ya Fuzhou na Xiamen kwa chini ya saa moja, na huvuka juu ya Ghuba ya Quanzhou kabla abiria hajapata muda wa kuuliza jina la mji anaouona ng'ambo. Barabara ya G228, inayofuata mwambao kutoka Dandong kwenye mpaka wa Korea Kaskazini hadi Dongxing kwenye mpaka wa Vietnam, ina mwendo mwingine. Inaingia kwenye mitaa, inapita kando ya magati ya wavuvi na mabwawa ya chaza, inazunguka ghuba badala ya kuziruka. Anayesafiri peke yake humo hana kiongozi wa kumchagulia cha kuona, na hilo lina uzito katika hoja yangu, kwa sababu makundi ya watalii hupelekwa palipo na sanamu kubwa na maegesho ya mabasi, na sanamu kubwa husimikiwa watu wakubwa. Zipo taabu zake. Leseni ya kimataifa ya udereva haitambuliwi China bara, hivyo mgeni hulazimika kupata leseni ya muda ya huko au kukodi gari pamoja na dereva. Lakini umbali kati ya mji na mji ni mfupi, na siku moja inatosha kuona daraja la karne ya 11 na bandari iliyokufa ya karne ya 16.

Anzia Changle, karibu na mdomo wa mto Min, nje kidogo ya Fuzhou. Hapa ndipo msafara wa Zheng He ulipokuwa ukisubiri upepo wa kaskazini mashariki, na hapa ndipo mwaka 1431 aliposimika jiwe la maandishi la kumshukuru Mazu, mungu wa kike wa mabaharia wa Fujian. Jiwe hilo linataja zawadi zilizotoka mataifa ya mbali: punda milia na simba kutoka Mogadishu, ngamia na mbuni kutoka Barawa. Ni mambo ya ikulu. Humo hamna bidhaa ambayo mtu wa kawaida angeenda kuinunua sokoni, na sababu yake iko wazi. Mwaka 1371 mfalme Hongwu alikuwa amepiga marufuku raia wake kwenda ng'ambo kufanya biashara. Mwaka 1404, mwaka mmoja kabla ya safari ya kwanza, mfalme Yongle, huyohuyo aliyemtuma Zheng He, aliamuru majahazi ya raia yenye uwezo wa kuvuka bahari kuu yageuzwe yawe ya omo bapa, yasiyofaa kwenda mbali. Yatazame mambo hayo mawili kwa pamoja. Watu zaidi ya 27,000 waliondoka na msafara wa kwanza kwa gharama ya dola, ilhali mvuvi wa Changle aliyethubutu kupakia kauri kwenye chombo chake na kuelekea Java alihesabiwa mhalifu. Miaka inayoadhimishwa leo kuwa kilele cha China ya baharini ndiyo miaka ambayo watu wa pwani ya China walikuwa wamefungiwa bahari yao wenyewe. Dola ilipochoka kulipa, safari zilikoma mwaka 1433, na hapakuwa na mfanyabiashara halali wa kuzirithi.

Changle hiyohiyo ina mwana mwingine ambaye hatajwi kwenye hotuba. Chen Zhenlong alikuwa mfanyabiashara aliyekwenda Luzon, Ufilipino, wakati marufuku ilipokuwa imelegezwa. Mwaka 1593 alirudi na marando ya viazi vitamu, zao la Amerika lililofika Ufilipino kwa mkono wa Wahispania. Ukame ulikuwa umelikumba jimbo, na mwaka uliofuata gavana Jin Xuezeng akahimiza viazi hivyo vipandwe kila mahali. Juu ya kilima cha Wushan mjini Fuzhou kuna kibanda cha kumbukumbu ya zao hilo, na ningependa kila anayependa habari za twiga afike pale pia. Twiga alimpendeza mfalme, akachorwa, akasifiwa kwa mashairi ya ikulu, na habari yake ikaishia humo. Marando yalilisha vijiji vya udongo wa kichanga na vya milimani ambako mpunga hauoti, yakaendelea kulisha China kizazi baada ya kizazi. Vyote viwili viliingia kwa njia ya bahari, na mji mmoja una kumbukumbu za safari za aina zote mbili. Tofauti ni nani alikwenda, na alikwenda kutafuta nini. Mjumbe wa mfalme hutafuta kitu kitakachomstaajabisha mfalme. Mfanyabiashara hutafuta kitu ambacho jirani yake atakitaka.

Kutoka hapo barabara inashuka kusini, inaipita Putian na kisiwa cha Meizhou ambako inaaminika Mazu alizaliwa mwaka 960, hadi ifike kwenye daraja la Luoyang kaskazini mashariki mwa Quanzhou. Lilijengwa kati ya mwaka 1053 na 1059 chini ya gavana Cai Xiang, mahali ambapo mto unakutana na maji ya bahari na mkondo ni mkali. Wajenzi walimwaga mawe chini ya maji kuwa msingi, kisha wakapandikiza chaza juu yake ili magamba yao, kwa kukua, yayagandishe mawe yawe kitu kimoja. Upande wa kusini wa Quanzhou, mjini Anhai, kuna daraja la Anping la katikati ya karne ya 12, refu kupita kilomita mbili, ambalo hakuna daraja lolote nchini China lililolizidi urefu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Fedha zake zilichangwa na matajiri wa mji na watawa wa Kibudha. Madaraja haya yananishawishi kuliko jiwe lolote la ushindi. Hakuna mji unaolaza mawe ya tani kadhaa juu ya maji kwa urefu huo pasipo wapagazi, mikokoteni na mizigo ya kila siku inayokwenda na kutoka bandarini. Aliyechanga alijua mzigo wake utapita hapo. Kwa hiyo daraja ni ushahidi wa matarajio ya watu wengi kwa pamoja, na watu hao walikuwa na hakika kwamba meli zitarudi.

Hakika hiyo ilitegemea upepo, na hapa msomaji wa pwani yetu hahitaji maelezo marefu. Kwenye kilima cha Jiuri, magharibi ya Quanzhou, kuna maandishi yaliyochongwa kwenye miamba kati ya mwaka 1174 na 1266, yanayoeleza jinsi maofisa wa serikali walivyopanda kilimani kuomba upepo mwema kwa ajili ya meli za biashara. Meli ziliondoka wakati wa baridi kwa upepo wa kaskazini mashariki na kurudi kiangazi kwa upepo wa kusini magharibi, majira yaleyale yanayoleta kaskazi na kusi kwetu. Ofisi iliyowatuma maofisa hao kilimani, ile ya biashara ya baharini, ilifunguliwa Quanzhou mwaka 1087. Ilipima mizigo, ikatoza ushuru, ikanunua sehemu ya bidhaa kwa niaba ya dola, na kuwatunuku vyeo wafanyabiashara walioleta mali nyingi.

Matokeo yake yanaonekana mjini hadi leo. Msikiti wa Qingjing uliasisiwa mwaka 1009 na kukarabatiwa mwanzoni mwa karne ya 14 na mtu mwenye nasaba ya Shiraz, kama yanavyoeleza maandishi ya Kiarabu ukutani. Kuna maandishi ya Kitamil ya mwaka 1281 yanayohusu hekalu la Shiva. Katika hekalu la Cao'an, Jinjiang, kuna sanamu ya mwaka 1339 ya nabii Mani, ambaye dini yake kwingineko duniani imebaki vitabuni tu. Mawe ya makaburi ya Kiarabu, Kiajemi na Kisiria yalikutwa yametumika tena kama mawe ya ukuta wa mji, na mtu aliyeanza kuyakusanya kwa bidii alikuwa mwalimu wa shule, Wu Wenliang, aliyetoa mkusanyo wake kwa umma miaka ya 1950. Hakuna mfalme aliyeamuru mchanganyiko huo wa watu. Walikuja wakakaa kwa sababu palikuwa na faida, palikuwa na sheria inayotabirika, na kila mmoja aliachwa azike wafu wake kwa desturi yake. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka Quanzhou kwenye orodha ya urithi wa dunia ikiwa na maeneo 22, na miongoni mwake yamo madaraja, tanuri za kauri za Dehua, mabaki ya ofisi ya biashara na magati. Uteuzi huo umefuata njia ninayoipigania hapa: umeheshimu mfumo mzima wa kazi, kuanzia tanuri hadi gati.

Ushahidi mzito kuliko wote ni jahazi lililofukuliwa kwenye tope la Houzhu, karibu na Quanzhou, mwaka 1974, lililozama miaka ya 1270. Kilichosalia cha ngama yake kina urefu wa mita 24 na vyumba 13 vilivyotengwa kwa kuta za mbao zisizopitisha maji, ili tundu moja lisizamishe chombo kizima. Ndani yake kulikuwa na magogo ya manukato, pilipili manga, ubani na ambari. Ubani ni utomvu wa Uarabuni na Pembe ya Afrika, kwa hiyo bahari yetu ya magharibi ilikuwamo ndani ya ngama hiyo. Na kulikuwa na vibao vya mbao, karibu mia moja, vilivyofungwa kwenye mizigo kuonyesha kila furushi ni la nani. Chombo kimoja, wenye mali wengi. Waliojaribu bahati yao humo ni pamoja na watu wa ukoo wa kifalme wa Song, waliowekeza kama wengine, na wauza duka na mabaharia waliopewa nafasi ya kubeba mzigo wao kidogo. Vibao hivyo vinaeleza jinsi bahari ilivyovukwa: kwa kugawana hasara na faida.

Hapa lipo pingamizi ambalo mtaalamu wa akiolojia atalitoa mara moja, na ni la haki. Bidhaa za Fujian zilizofika Kilwa na Gedi hazikuletwa na majahazi ya Fujian. Zilipita mikononi mwa watu wa Sumatra, India Kusini, Gujarat, Hormuz na Aden kabla ya kufika kwetu. Je, si kweli basi kwamba Zheng He ndiye Mchina wa kwanza mashuhuri kuleta vyombo vya China moja kwa moja Afrika Mashariki, na kwamba ndiyo maana anaadhimishwa? Pengine. Lakini umuhimu wa safari ya moja kwa moja unakuzwa kupita kiasi. Mwaka 1225 Zhao Rugua, msimamizi wa ofisi ya biashara ya Quanzhou, aliandika kitabu cha nchi za ng'ambo kwa kuwahoji mabaharia na wafanyabiashara waliopita ofisini kwake, bila yeye mwenyewe kuondoka. Humo ameeleza nchi ya Cengba, ambayo wanahistoria wengi wanaihusisha na mwambao wa Zenji: wakazi wake wanafuata dini ya Waarabu, nchi inatoa pembe za ndovu na ambari, na kila mwaka meli za Gujarat na za miji ya Kiarabu huleta nguo za pamba, shaba na kauri. Karani wa Quanzhou alijua nani analeta nini kwetu, na alijua hivyo miaka 190 kabla ya twiga. Mnyororo wa mikono mingi ulifikisha habari na mali kwa uhakika kuliko msafara mmoja wenye bendera, na ulikuwa na faida nyingine kubwa: pete moja ikikatika, nyingine zilitafuta njia. Msafara wa kifalme ulikuwa na pete moja tu.

Angalia pia jinsi tunavyopima ushahidi wenyewe. Sarafu ya Yongle iliyopatikana Manda ilipotangazwa mwaka 2013 ilipita kwenye vyombo vya habari vya dunia nzima. Sarafu za enzi ya Song zilizopatikana Unguja, za kabla yake, zinajulikana na wachache. Vigae vya Longquan na Dehua vilivyojaa kwenye magofu ya mwambao, na bakuli za kauri zilizopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Mambrui na Kunduchi, ambazo kila aliyezipachika alizilipia kwa jasho lake, hazikupata hata robo ya kelele hiyo. Sarafu moja ilivuma kwa kuwa ina jina la mfalme.

Pingamizi la pili ni la watu wa siasa, nao husema: bila dola hakuna bandari. Nakubali, na nimekwisha kutaja ofisi ya mwaka 1087 kwa heshima. Dola ya Song ilichimba, ikapima, ikaamua kesi, ikapanda kilimani kuomba upepo. Lakini ilifanya hivyo ili wengine wasafiri. Kilichofanywa na Ming ya awali ni kinyume chake: dola ikawa ndiye msafiri pekee. Tofauti hiyo ndiyo hoja yangu yote, na ndiyo inayopotea tunapoziita sera zote mbili kwa jina moja la ushirikiano wa kale.

Pingamizi la tatu linauma zaidi. Wafanyabiashara hawakuwa malaika. Pu Shougeng, Mwislamu tajiri aliyeshika ofisi ya biashara ya Quanzhou, aliitupa dola ya Song mkono na kujiunga na Wamongolia, na katika kufanya hivyo damu nyingi ya ukoo wa kifalme ilimwagika mjini. Kati ya mwaka 1357 na 1366 askari wa Kiajemi waliokuwa Quanzhou waliasi, vita vikaiteketeza biashara, na mwisho wake wageni wengi waliuawa au wakakimbilia vijijini. Ukoo wa Ding wa Chendai na ukoo wa Guo wa Baiqi, ambao ni uzao wa Waislamu hao, ni mabaki ya kimbilio hilo. Mwenye kutaka kuona mji wa biashara kuwa pepo ya amani atavunjika moyo. Ila jibu langu ni kuuliza kufunga bahari kulileta nini badala yake. Mjini Chongwu, kwenye rasi ya Hui'an, bado umesimama ukuta wa mawe wa mwaka 1387 uliojengwa kuzuia maharamia. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, marufuku ikiwa bado ipo, uharamia ulikuwa umezidi, na wengi wa hao walioitwa maharamia wa Kijapani walikuwa Wachina wa pwani, akina Wang Zhi, wafanyabiashara walionyimwa leseni wakashika silaha. Ukuta wa Chongwu ni mzuri kuutazama jua linapochomoza, na wasafiri hupiga picha nyingi juu yake. Ni ukumbusho wa sera iliyozalisha adui iliyemwogopa.

Sera ilipolegezwa, ushahidi ulikuja haraka. Mwaka 1567 mfalme Longqing aliruhusu watu wa Yuegang, bandari ya mtoni karibu na Zhangzhou, kusafiri kwa leseni. Bandari hiyo ilikuwa maarufu kwa magendo kwa miaka mingi, na dola iliamua kutoza ushuru kile ilichoshindwa kukizuia. Ndani ya miaka michache majahazi ya Yuegang yalikuwa yanapeleka hariri na kauri Manila na kurudi na fedha ya Mexico na Peru, na uharamia ukapungua. Leo Yuegang ni kingo za mto zenye magati madogo ya mawe, tope limejaa, na maduka ya zamani yana milango ya mbao iliyopauka. Msafiri anayefika na gari yake anaweza kusimama popote, kwa kuwa hapana foleni. Inasikitisha kwamba mahali palipobadilisha mfumo wa fedha wa nusu ya dunia panapitwa hivi. Bandari iliuawa kwa sehemu na udongo wa mto, na kwa sehemu na amri ya mwaka 1661, ambapo dola ya Qing, ili kumnyima adui wake wa Taiwan msaada, iliwahamisha kwa nguvu watu wa pwani ya Fujian na majimbo jirani hadi bara, ikachoma vijiji na kuviacha mahame kwa karibu miaka ishirini. Amri hiyo haina sanamu. Ilifanya uharibifu kuliko vita vingi.

Kisiwa cha Gulangyu mbele ya Xiamen, chenye majumba ya makonsuli na urithi wa dunia wa mwaka 2017, kinajaa wageni, na sina mengi ya kusema juu yake. Bandari ya Xiamen ilifunguliwa kwa mizinga ya Waingereza mwaka 1842, na huo si uwazi ninaoutetea. Nawaelekeza wasafiri zaidi Shantou, kwenye jumba la makumbusho la barua za wahamiaji. Watu wa eneo la Chaoshan walioenda Siam, Malaya na Sumatra walituma nyumbani barua na fedha kwa pamoja kwa mikono ya mawakala walioaminiwa, na UNESCO iliingiza barua hizo kwenye Kumbukumbu za Dunia mwaka 2013. Humo mna ada za shule, gharama za mazishi, na deni la mchele. Mtu yeyote mwenye ndugu Muscat, Minneapolis au Sheffield anayetuma fedha mwisho wa mwezi ataielewa historia hiyo pasipo mkalimani.

Linabaki pingamizi la mwisho, la kidiplomasia: Zheng He alikuja kwa amani, tofauti na Wareno waliomfuata, kwa hiyo ni ishara inayofaa. Ni kweli kwamba hakuiteka Malindi. Lakini alipigana Palembang mwaka 1407, na mwaka 1411 alimteka mtawala wa Sri Lanka na kumpeleka China. Msafara wenye askari maelfu ulikuwa na amani ya mwenye nguvu. Na hata tukisamehe hayo, ishara hii ina madhara ya leo. Mwaka 2005, wakati wa maadhimisho ya miaka 600 ya safari ya kwanza, binti wa Lamu alialikwa kusoma China kwa kuwa ilidaiwa kuwa ni uzao wa mabaharia wa Zheng He. Nampongeza kwa nafasi aliyoipata. Lakini simulizi kama hiyo hufundisha kwamba uhusiano wa mataifa ni wa damu na meli za kifalme, na kwamba wanaostahili kuketi mezani ni warithi wa msafara. Waliojaa Guangzhou kutoka Kariakoo, Eastleigh, Kampala, Bujumbura na Lubumbashi, wakinunua nguo, vipuri na vifaa vya umeme, wakichangia kontena moja kwa mizigo ya watu wengi, wanaonekana kama tatizo la viza. Kumbe wao ndio warithi halisi wa vibao vya Houzhu.

Ninachodai si kikubwa. Vitabu vya historia vya sekondari viweke Quanzhou na Kilwa kwenye sura moja, na Zheng He aje baadaye, pamoja na marufuku ya mwaka 1371 ambayo haiandikwi kando yake. Makubaliano ya utalii yawawezeshe wanafunzi na waandishi wetu kupita barabara ya Fujian na kulala kwenye miji midogo, badala ya kuwasafirisha kati ya hoteli na mkutano. Na jumba la makumbusho la historia ya bahari la Quanzhou lina ngama, vibao na mawe ya makaburi. Kilwa, Gedi na Unguja zina vigae, bakuli na sarafu za Song. Maonyesho ya pamoja, yenye maelezo kwa Kiswahili na Kichina, yanawezekana kwa vitu ambavyo vimekwisha kufukuliwa. Wizara za utamaduni za Tanzania na Kenya zinaweza kuyaomba mwaka huu.